Ulimi wa Muuza Nyama

Siku Bonge alipomwona Mama Ulimi kwa mara ya kwanza, alikuwa anamfungia nusu kilo ya nyama ya paja, na alikuwa anajitahidi sana asimtazame usoni. Ndiyo ilikuwa tabia yake kwa wateja wote. Mtu wa kilo mia na ushee, shingo imelala juu ya mabega kama mto, watu walitegemea awe na sauti ya kunadi mali sokoni. Lakini Bonge akisemeshwa na mtu asiyemjua hutazama mizani, hata kama mizani haina kitu.

Mteja mwenyewe alikuwa mama mfupi, mvi zake amezikata karibu na ngozi, miwani ameifunga uzi nyuma ya masikio. Hakuitazama nyama. Aliitazama mikono iliyokuwa inaifunga.

"Hiyo damu siyo ya ng'ombe," akasema.

Bonge akainamisha kichwa. Karatasi ilikuwa imelowa pembeni, na kidole chake cha kati kilikuwa kimefunguka kama mdomo wa samaki, damu inashuka mpaka kwenye kiwiko. Hakuwa amesikia chochote. Akaficha mkono nyuma ya aproni kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi, akasema ni kisu tu, amekinoa jana. Mama akamuuliza amejikata saa ngapi. Hakujua. Angeweza kuwa amejikata tangu asubuhi, na nusu ya mtaa wamekwenda nyumbani na damu yake.

"Toa ulimi."

Nyuma yake kulikuwa na watu wanne kwenye foleni. Bonge akauliza, kwa sauti ya kuku aliyebanwa, kama ni hapo hapo.

"Kwani huwa unautolea wapi?"

Watu wakacheka. Bonge akafunga mdomo kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akamkatia nusu kilo nyingine, safi, na mama akaondoka akisema tu kwamba zahanati inafunguliwa saa mbili. Mteja aliyefuata ndiye aliyemweleza kuwa huyo ni tabibu aliyehamishiwa hapo wiki iliyopita, na tayari ameshapewa jina. Ukienda kwake na jino, anatazama ulimi. Ukienda na mguu uliovunjika, anatazama ulimi. Ndiyo maana anaitwa Mama Ulimi.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini Bonge alikuwa radhi kuvuja damu kuliko kutoa ulimi, lazima ajue siri yake, na siri yenyewe ni ya kijinga. Bonge alikuwa muuza nyama asiyekula nyama.

Haikuwa dini wala huruma kwa wanyama. Ilikuwa ni kuchoka. Miaka ya mwanzo aliila kama kawaida, kisha siku moja, baada ya kushinda amebeba mapaja ya ng'ombe begani, alikaa mezani kwake, akapeleka kipande mdomoni, na mdomo ukakataa kufunguka. Kesho yake hivyo hivyo. Akadhani ni mambo ya wiki moja. Ikawa miaka kumi na moja. Samaki hakuwahi kumpenda kwa sababu ya miiba, mayai yalimchefua tangu utoto, na maziwa yalimfanya tumbo lingurume mbele za watu, jambo ambalo mtu mwenye haya hawezi kulivumilia. Kwa hiyo aliishi kwa mkate, wali, viazi, kabichi na chai ya rangi yenye sukari vijiko vinne. Akanenepa vizuri tu.

Tatizo lilikuwa mtu wa ng'ambo. Upande wa pili wa barabara, mlango ukitazamana na mlango, palikuwa na bucha jingine, na mwenye bucha hilo aliitwa Mfupa kwa wembamba wake. Mfupa alikuwa hodari wa biashara. Alishinda amesimama mlangoni na kipande cha nyama ya kuchoma mkononi, anatafuna, ananyonya vidole, anawaambia wapita njia kwamba yeye hali kitu kingine chochote, na kwamba ukitaka kujua nyama nzuri mtazame anayeiuza anakula nini. Bonge alipoyasikia hayo alijua mwisho wake. Watu wakigundua kuwa haligusi pande hata moja la nyama yake, watauliza ameona nini ndani yake. Na angewajibu nini, yeye ambaye kuulizwa saa tu kunamtoa jasho?

Ndipo akabuni kijiti. Kila baada ya chakula cha mchana alitoka nyuma ya bucha, mahali alipokuwa amekula kabichi kwa siri kama mtoto mwizi wa sukari, na kijiti cha meno mdomoni. Alikizungusha kutoka pembe hii hadi pembe ile, akachokoa hapa na pale, akatema kisichokuwepo. Jioni alirudi nyumbani na fungu la nyama analiningʼiniza mkononi mtaa mzima uone. Nyama ililiwa na mkewe na binti zake watatu, ambao walikuwa na afya kama ya mbuzi wa maonyesho. Kijiti alikirudisha mfukoni kwa ajili ya kesho. Kwa nini atupe kijiti ambacho hakijawahi kugusa nyama?

Ganzi ilianza mwaka wa tisa au wa kumi, kwenye vidole vya miguu, kama amevaa soksi asizozivua. Ikapanda mikononi. Ulimi nao ukawa unamuwasha kila anywapo chai. Alichoka akipanda ngazi tatu. Mwenye duka la dawa alimtazama macho, akasema damu imepungua, akamuuzia vidonge vya kuongeza damu, na kweli uso ukarudi rangi, Bonge akajiona amepona. Vidole tu ndivyo havikupata habari hiyo. Alianza kuyumba akitembea gizani, na jirani mmoja akamwambia mkewe, kwa upole kabisa, kwamba pombe haijengi nyumba. Bonge hakuwahi kuonja pombe. Lakini alinyamaza, kwa sababu kujitetea kunahitaji maneno mengi.

Mkewe ndiye aliyemsukuma kwenda zahanati. Alikuwa anamfunga vifungo vya shati asubuhi hiyo, maana vidole vya mumewe vilikuwa vinapapasa kifungo kama vya mtu anayetafuta njia ukutani. Alipofika kifungo cha mwisho alisema, "Baba watoto, binti zako niliacha kuwafunga vifungo walipoanza shule. Wewe nitaacha lini?"

Akaenda.

Chumba cha Mama Ulimi kilikuwa na meza iliyowekewa kipande cha gogo chini ya mguu mmoja, mizani ya kusimama, kitanda chembamba na pazia la kijani lililoning'inia kwenye waya. Bonge aliipenda ile mizani. Ilikuwa kitu pekee mle ndani alichokifahamu. Safari hii alitoa ulimi. Mama akautazama kwa muda mrefu, akainua miwani, akautazama tena. Ulikuwa mwekundu na laini kama sahani iliyooshwa, hauna vile vipele vidogo vya kukwaruza. Akachukua uma wa chuma unaolia, akaugonga, akauweka kwenye mfupa wa kifundo cha mguu, akamuuliza anasikia nini. Bonge akasema anasikia baridi. Mama akasema chuma kinatetemeka kama nyuki. Kisha akamwambia asimame, miguu pamoja, afumbe macho.

Bonge alifumba macho, na chumba kikaondoka. Alipoyafumbua alikuwa amekaa sakafuni, pazia lote la kijani limemfunika kichwani, na wagonjwa wa kwenye benchi la nje wanamtazama kupitia mahali pazia lilipokuwa.

Mama alimfunua taratibu, akamkalisha, akauliza lile swali alilokuwa analisubiri kwa hofu.

"Unakula nini?"

Benchi zima lilikuwa linasikia. Na pale mwishoni, Bonge aliapa baadaye, alikuwa amekaa mteja mmoja wa Mfupa.

"Nyama," akasema.

Mara ngapi? Kila siku. Asubuhi? Asubuhi na jioni. Maini je? Maini ndiyo usiseme. Mama aliandika, akasita, akautazama tena ule ulimi kama mtu anayesoma barua mbili zinazopingana. Akasema kama ni hivyo basi chakula kinaingia ila tumbo halikipokei, na hilo lataka vipimo vya hospitali kubwa. Akamwandikia barua. Bonge alitoka akiwa na furaha ya kipumbavu, kwa sababu siri ilikuwa salama.

Hospitali kubwa alipanga foleni mara tatu katika muda wa miezi miwili. Walimpima sukari: hana. Presha: kidogo tu. Kipimo kilichoandikwa kwenye barua hakikuwepo wiki hiyo, wala iliyofuata. Daktari kijana alimtazama tumbo, sio ulimi, akamshauri kitu kimoja: apunguze kula. Bonge mtiifu akapunguza. Akaacha kabichi.

Mwishoni mwa miezi hiyo miwili, asubuhi moja, aliinua shoka kupasua mguu wa ng'ombe juu ya gogo. Shoka likashuka vizuri. Alipotaka kuondoa mkono wa kushoto akaona hauji. Shoka lilikuwa limepita kwenye mkono wa shati lake na kuupigilia gogoni, upana wa ukucha mmoja kutoka kwenye mshipa. Hakuwa amejua mkono wake uko pale. Alisimama ametundikwa kwenye gogo lake mwenyewe kama bidhaa, akawaza binti watatu, na kazi pekee aliyoijua tangu aishie shule ya msingi, na jinsi ambavyo hakuna mtu anayenunua nyama kwa mkatanyama asiye na mikono.

Jioni mkewe aliona tundu kwenye shati. Hakuuliza lilitoka wapi. Alisema, "Utamwambia wewe, au niende nikamwambie mimi?"

Mama Ulimi alimpokea, akasikiliza habari za hospitali, akatikisa kichwa. Bonge alikuwa amepanga kusema. Alikuwa ameirudia sentensi njia nzima. Lakini alipokaa, ikapotea, na kijiti kilikuwa mdomoni kwa mazoea. Mama alikitazama kile kijiti, kisha akaanza kuzungumza mambo mengine, kama mtu anayepumzika. Akasema amechoka kupika nyama ile ile. Yeye Bonge, kwa kuwa ni mtaalamu, anapenda sehemu gani zaidi?

Hapo Bonge alichangamka. Akasema paja ndilo zuri, halina mfupa, kilo yake ni kilo kweli. Mbavu zinajaza mfuko lakini nusu ni mifupa. Shingo ni nafuu, ila ikikaa mpaka saa nane inabadilika rangi.

Mama alimwacha amalize. Akainuka, akafunga mlango.

"Nimekuuliza kuhusu mdomo," akasema, "umenijibu kuhusu mizani. Mtu anayekula nyama husema ni tamu, au ni ngumu, au ina mafuta. Mara ya mwisho ulikula lini?"

Bonge alitazama mizani ya kusimama. Akasema ni miaka kumi na moja. Akasema na mayai pia, na maziwa, na samaki. Akamaliza yote kwa pumzi moja, akangoja achekwe.

Hakuchekwa. Mama alikaa kitako kwenye kitanda cha wagonjwa, akavua miwani. Akamwambia kuwa kuna vitamini moja, B kumi na mbili, ambayo mwili huipata kwenye vitu vya wanyama, na ambayo ndiyo inayolinda mishipa ya fahamu. Mwili una akiba yake, akiba inaweza kukaa miaka, ndiyo maana mtu hashtuki. Vidonge vya damu alivyonunua dukani vilipandisha damu na kuficha ugonjwa, huku mishipa inaendelea kufa chini kwa chini. Kisha akamweleza kuhusu kaka yake, aliyepatwa na ugonjwa huo huo. Alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka, mnene, mcheshi, mtaa mzima wakimwita tajiri. Alianza kuyumba, watu wakasema ni pombe. Dada mtu, tabibu, alimpa vidonge vya damu, damu ikapanda, akafurahi.

"Niliona tumbo lake," Mama akasema. "Kila mtu aliona tumbo. Mpaka leo anasukumwa kwenye kiti. Ndiyo maana natazama ndimi za watu, na wakinicheka nawaacha wacheke."

Kisha akasema lile lililomchoma Bonge kuliko sindano: "Ungeniambia siku ile ya pazia, ningekuchoma siku ile ile."

Akavunja kichupa kidogo. Dawa ilikuwa nyekundu mno, kama maji yanayobaki kwenye sinia la bucha. Bonge, ambaye hupasua ng'ombe mzima bila kupepesa jicho, aliona ile sindano, akashika ukingo wa meza. Mama akamwambia atulie, hiyo ndiyo nyama yake, na hii haitafunwi. Alimchoma siku moja, akaruka siku moja, hivyo kwa wiki mbili, kisha kila wiki; baada ya hapo, akasema, itakuwa kila mwezi, maisha yake yote kama hataki kula. Na jina la ugonjwa akaliandika kwenye daftari kwa herufi ambazo Bonge hakuweza kuzisoma, akamwambia kwamba katika chumba kile zinatoka dawa, siri za watu hazitoki.

Ulimi ulipoa kwanza. Nguvu zikarudi ndani ya mwezi. Vidole vilichelewa, na viliporudi vilirudi kwa maumivu, kama moto wa sisimizi, na Mama akasema maumivu ni habari njema. Mwezi wa tano Bonge alifunga vifungo vyake mwenyewe, vyote, kisha akavifungua akavifunga tena, mkewe akimtazama kutoka mlangoni. Miguuni baadhi ya ganzi ilibaki, na bado ipo. Hiyo ndiyo gharama ya miezi miwili ya kijiti.

Ungedhani basi angekitupa. Hakukitupa. Mfupa alikuwa bado ng'ambo anatafuna.

Mwaka uliofuata Mfupa alianza kutafuna polepole. Kisha akawa anatafuna upande mmoja. Asubuhi moja Bonge alikuwa anafagia mlangoni, akaona kile kipande cha nyama mkononi mwa jirani yake kina madoa mekundu pale palipoumwa. Mteja mmoja akatania kuwa nyama haijaiva. Lakini Bonge anajua nyama iliyoiva. Ile damu haikuwa ya ng'ombe.

Siku mbili hakulala vizuri. Aliona Mfupa ana madoa meusi miguuni kama mtu aliyepigwa, na kidonda cha kisu kidoleni kisichofunga. Alijua mtu yule hatakwenda zahanati, kwa sababu anajiona ndiye mtu anayekula vizuri kuliko wote mtaani. Alijua pia kuna neno moja tu litakalomfanya amsikilize. Siku ya tatu akavua aproni, akavuka barabara. Miaka yote ile hakuwahi kuivuka kwenda pale. Ilikuwa hatua kumi na nne.

"Karibu," Mfupa akasema. "Yako imeisha, umekuja kununua yangu?"

Bonge akatazama mizani ya Mfupa. Akasema hakuja kununua. Akasema fizi zinazotoa damu siyo mchezo, aende kwa Mama Ulimi. Mfupa akacheka, akasema mtu anayekula nyama mara tatu kwa siku apungukiwe nini?

"Nami nilikuwa mnene nikapungukiwa," Bonge akasema. "Sili nyama. Sijala miaka kumi na miwili. Nilikuwa sisikii vidole."

Mfupa alimtazama mdomoni. "Na hicho kijiti?"

"Kabichi."

Mfupa alicheka mpaka akashika mlango, akafuta machozi, akatema damu kidogo, akacheka tena. Kabla ya saa sita mtaa mzima ulikuwa unajua. Bonge alifunga bucha mapema, akaenda kulala chini ya shuka mchana kweupe, akimwambia mkewe kwamba wataanza kuuza mkaa.

Kesho yake alifungua akiwa na sura ya mtu anayekwenda kunyongwa. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Wengi walikuja kumtazama, hilo ni kweli, na wakamtania bila huruma: wakamuuliza bei ya kabichi, wakamwomba awapimie kilo mbili za viazi. Lakini mama mmoja mzee wa nyuma ya foleni alisema jambo ambalo wengine walilichukua. Alisema yeye sasa amepata raha, maana mkatanyama asiyekula hawezi kujifichia sehemu nzuri. Kumbe miaka yote wamekuwa wakipata nyama kamili. Na Mfupa je, ambaye hutafuna tangu asubuhi, huwa anatafuna ya nani?

Mfupa mwenyewe alikwenda zahanati, eti kuhakikisha tu kama Bonge hasemi uongo. Alitoka na vidonge na amri ya kula machungwa, mapera na mboga mbichi, kwa kuwa alikuwa amekosa vitamini C kwa kula nyama peke yake miaka nenda rudi. Wiki nzima alionekana mlangoni kwake anamenya chungwa kwa kisu cha bucha, amekunja uso. Fizi zikakauka. Hakuwahi kusema asante. Ila siku moja alivuka barabara, akaweka mapera matatu kwenye mizani ya Bonge, akarudi kwake.

Miaka mitatu baada ya ile nusu kilo ya kwanza, Mama Ulimi akastaafu. Anakwenda kukaa na kaka yake, kumsukuma kile kiti. Asubuhi ya kuondoka alipita bucha na mkoba wake, akasimama kwenye foleni kama mtu yeyote. Alipofika mbele Bonge alimtazama usoni, akaona kuwa miwani bado imefungwa uzi. Alitaka kumwambia maneno mengi. Alikuwa ameyarudia tangu alfajiri. Badala yake alikata kilo nzima ya paja, safi, mikono yake ikijua kila upande wa kisu, akaifunga, akakataa malipo kwa kutikisa kichwa.

"Toa ulimi," Mama akasema.

Safari hii Bonge hakuuliza wapi. Alichomoa kijiti, ambacho bado alikuwa nacho kwa mazoea ingawa hakikuwa kinamdanganya mtu tena, akatoa ulimi mbele ya foleni nzima na mbele ya Mfupa ng'ambo. Mama akainua miwani, akautazama, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akachukua nyama yake, akanyoosha mkono mwingine juu ya kaunta.

"Hicho kijiti nipe mimi," akasema. "Mimi ndiye ninayekwenda kula nyama."